Madam wa Vitenzi Visaidizi

Shule nzima ilimwita Madam. Walimu wengine wa kike walikuwapo, nao tuliwaita Madam fulani na Madam fulani, jina likifuata nyuma. Yeye hakuhitaji jina. Mtu akisema "Madam anakuja," kila mmoja alijua ni nani, na mashati yaliyochomoka yalirudi ndani ya sketi na suruali kabla hajafika mlangoni. Sokoni Newala wauza mboga walimwita Mama Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na mtoto ambaye wangemwitia jina lake. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na alivaa sweta la kijivu karibu mwaka mzima kwa sababu baridi ya uwanda wa juu wa Newala hakuizoea kamwe.

Alitufundisha Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mtu ambaye hakupita njia hiyo anaweza asielewe ilikuwa ni nini. Mimi nilitoka Makote. Nyumbani tulisema Chimakonde, shule ya msingi tukasoma kwa Kiswahili, kisha siku moja Januari nikaingia darasani na kila kitu, hata kilimo ambacho nilikifanya kwa mikono yangu tangu utotoni, kikawa kwa Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia alipouliza jambo tulitazama madaftari. Wapo wenzangu waliokuwa na akili kunizidi ambao walirudi nyumbani kabla ya mwaka kuisha, wakasema masomo yamewashinda. Hayakuwashinda. Hawakuyasikia.

Madam alikuwa na wazo lake kuhusu mahali tulipokwama. Alisema maneno ya Kiingereza tunayo mengi kuliko tunavyojidhania. Redio tunaijua, sulfa ya mikorosho tunaijua, hospitali tunaijua. Kinachotuangusha ni yale maneno madogo yanayokaa kabla ya kitenzi kikuu. Am, is, are, do, does, did, have, has, will, can, must. Vitenzi visaidizi. Alivipenda vitenzi hivyo kama wengine wanavyopenda kuku wao, kila mmoja na tabia yake.

Tulipokuwa tunaandika "I am go to school," walimu wengine walichora mstari mwekundu na kupita. Yeye alisimama.

"Huyu am katoka wapi?" aliuliza. "Hakujitokeza tu. Kuna mtu kamleta."

Akaandika ubaoni neno "ninakwenda", akazungushia duara silabi ya kwanza.

"Mmemtoa hapa. Mnasikia 'ni', mnadhani ni yule wa 'mimi ni mwalimu'. Siye. Huyu 'ni' wa 'ninakwenda' ni wewe mwenyewe, ndiye I. Mkiandika I, mmeshamaliza kazi yake. Mkimwongeza am, basi go lazima avae ing. Am hakai na mtu aliye uchi."

Darasa lilicheka, naye hakucheka. Lakini tangu siku hiyo sijaandika tena "I am go".

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Kosa kwake lilikuwa na asili, na asili hiyo mara nyingi ilikuwa lugha zetu wenyewe. Tuliandika "she can to cook" kwa sababu tunasema anaweza kupika, na ule ku- tuliubeba nao. "Uacheni ku- wenu nyumbani," alisema. Can, will, must, may na wenzao aliwaita wakaidi: hawapokei s hata mtenda awe nani, na kitenzi kinachowafuata hukaa kama kilivyo, bila to, bila ing, bila ed. Have alimwita mchaguzi, kwa kuwa anataka umbo la tatu la kitenzi tu na hapokei jingine: has gone, has eaten, has written. Ukimpa has went anakurudishia.

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine ni ile ya ndoo. Tulikuwa na desturi ya kuja na maji shuleni, maana bomba la shule lilitoa upepo zaidi ya maji, na ndoo zilipangwa nyuma ya darasa. Tulikuwa tumekwama kwenye maswali ya wakati uliopita. Darasa zima liliandika "Did she went to Masasi?" na hakuna aliyeona ubaya wake.

"Somoe, njoo mbele," aliniita. "Wewe ni went. Chukua ndoo ujitwishe."

Nilijitwisha ndoo nikasimama. Maji yalinidondokea shingoni.

"She went to Masasi. Nani amebeba wakati?"

"Went!" darasa likajibu.

"Peke yake?"

"Peke yake!"

"Sasa nataka kuuliza swali. Athumani, njoo. Wewe ni did. Umeitwa kusaidia. Mtu aliyeitwa kusaidia anafanya nini?"

Athumani alikuwa mrefu na mvivu, na alitazama ndoo kwa huzuni. "Anasaidia, Madam."

"Basi mtue mwenzio."

Athumani akaipokea ndoo akajitwisha. Madam akamsimamisha msichana mwingine awe she, akamsogeza Athumani hadi mbele kabisa, kabla yake, kisha akanigeukia mimi niliyebaki nimekunja shingo, mikono bado iko juu kana kwamba nimeishika ndoo.

"Somoe ana ndoo?"

"Hana!"

"Mbona anasimama kama anayo?"

Nikashusha mikono. Darasa lilipiga kelele mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

"Sasa wewe si went tena. Wakati kaubeba did. Wewe ni nani?"

"Go," nikasema.

"Did she go to Masasi? Ndoo ni moja. Haibebwi na watu wawili. Na s ya does ni hivyohivyo. Does she go, si does she goes. Kila mkiandika swali, jiulizeni nani amebeba."

Athumani leo ni fundi magari Masasi, na siku moja aliniambia kuwa akisikia Kiingereza kwenye televisheni bado anahisi maji yanamdondokea shingoni.

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa mtu mwepesi. Alirusha chaki, na alilenga. Aliyechelewa alisimama nje kwenye ukungu hadi kipindi kiishe, hata kama alitoka mbali. Alitutaka tuulize maswali mpaka achoke nayo, lakini yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mwaka ule tulipokuwa tunajifunza have pamoja na been, msichana mmoja mtundu alinyoosha mkono kutoa mfano wake.

"Madam, have you ever been married?"

Madam aliweka chaki mezani.

"Sentensi iko sahihi," alisema. "Kaa chini."

Hatukujua zaidi ya hapo, na hakuna aliyethubutu tena.

Alikuwa na uoga mmoja pia, wa pikipiki. Hakupanda bodaboda hata kama mvua inanyesha na mwendeshaji ni mwanafunzi wake wa zamani anayembembeleza bure. Alitembea. Sokoni alisema Chimakonde, lugha ambayo haikuwa yake, maana kwao walisema Kimakua, na alikisema vibaya. Wauza muhogo walimcheka usoni. Naye alisimama, akamtaka mmoja arudie neno polepole, akalirudia, akakosea, akalirudia tena, kisha akashukuru na kuondoka na muhogo wake. Mama yangu alimwona mara moja, akaja nyumbani akisema, "Mwalimu wenu hana aibu." Alisema kwa heshima.

Nadhani ni kwa ajili hiyo alichukizwa na kibao.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema aliyetaka tufaulu. Alisikia kuwa shule nyingine zinawalazimisha wanafunzi kusema Kiingereza, naye akachonga kibao kidogo, akakitia kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, akabaki nacho mpaka amkamate mwingine. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku alifagia vyoo. Tulidhani Madam atafurahi, kwani yeye ndiye wa Kiingereza.

Kilichotokea ni kwamba shule ilinyamaza. Hatukusema Kiingereza zaidi, tulipunguza kusema kwa lugha yoyote. Rehema, aliyekaa dawati moja na mimi, alinyanyaswa nacho kwa kuwa alikuwa na mdomo mwepesi, na mwisho akaacha kufungua kinywa. Hata akiumwa hakusema. Siku moja Madam aliingia darasani akamkuta amekivaa, ameinamisha kichwa. Akamwuliza swali kuhusu does. Rehema hakujibu. Machozi yakamtoka.

Madam alikwenda pale, akamvua kibao, akajivika mwenyewe.

"Nimekuwa nikifundisha kwa Kiswahili tangu nilipoingia shule hii," alisema. "Sasa endeleeni. Rehema, niulize kwa lugha unayotaka."

Alitoka nacho darasani. Alikwenda nacho kwenye chumba cha walimu. Kibao kilining'inia juu ya lile sweta la kijivu siku hiyo na siku iliyofuata, na mkuu wa shule akamfuata uwanjani, nasi tukiwa tunafagia karibu.

"Madam, unanidhalilisha mbele ya wanafunzi."

"Sivyo, mkuu. Nimesema Kiswahili. Sheria umeiweka wewe, nami naiheshimu."

"Mimi nataka hawa watoto wafaulu mtihani."

"Nami pia. Lakini mtoto asiyeuliza hafaulu. Nipe Ijumaa. Ijumaa mchana tutafanya mdahalo kwa Kiingereza, na atakayesema lugha nyingine nitamtoa mwenyewe. Siku nyingine waache waulize."

Mkuu alinyoosha mkono, akakichukua kibao kutoka shingoni mwake kwa adabu kabisa, akakitia mfukoni. Hatukukiona tena. Na Ijumaa Madam alikuwa mkali kuliko kibao. Nimewahi kutolewa nje kwa kusema "aah" ya Kiswahili. Rehema ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa mdahalo.

Ninachomshukuru mimi binafsi kinaanza na msimu wa korosho. Nilikuwa kidato cha pili, mtihani wa taifa ukikaribia, na mabibo yameiva shambani. Mama alikuwa ametoka kujifungua na mgongo wake haukuwa mzuri. Baba alikuwa peke yake na shamba kubwa, na korosho zikikaa chini mvua ikazinyeshea zinaharibika. Aliniambia nikae nyumbani mpaka ziishe. Sikubishana. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wetu, na baba hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili.

Jumamosi moja asubuhi tukiwa tunaokota, nilimwona Madam anakuja kati ya mikorosho, viatu ameshika mkononi, miguu imejaa mchanga. Alikuwa ametembea kutoka mjini.

"Shikamoo, Madam," nikasema.

"Marahaba. Baba Somoe, habari za hapa?"

"Nzuri, Mwalimu. Karibu." Baba alinyooka, akafuta mikono kwenye suruali. Nilijua anatayarisha maneno. "Najua umekuja kwa ajili ya mtoto. Lakini unaona mwenyewe hali."

"Naona. Sikuja kumchukua." Aliweka viatu chini ya mti, akaokota kikapu kilichokuwa tupu. "Nimekuja kufundisha. Shamba ni lako, mikono utakuwa nayo mingine leo."

Madam alikuwa ameshainama. Aliokota bibo, akalinyonga korosho ikatoka, akatupa bibo pembeni, akaendelea. Hakuwa mgeni wa kazi ile. Na huku akiokota akaniuliza.

"Will you sit for the exam?"

"Yes, I will."

"Will your father come to the field tomorrow?"

"Yes, he will."

Hivyo tukaenda, mstari baada ya mstari wa miti, naye akigeuza: will not, cannot, must not, have you finished, had she gone. Baba alikuwa anaokota kando yetu, anajifanya hasikii. Jua lilipopanda akashindwa.

"Mwalimu, hiyo will mnayoitaja kila mara ni kitu gani?"

"Ni ta yetu, Baba Somoe. Atakwenda, atakuja. Sisi ta tumeisokomeza ndani ya neno. Wenzetu wameitoa nje, inasimama peke yake mbele."

"Kumbe ni ta tu?"

"Ni ta tu."

Baba alicheka, akatikisa kichwa. "Mtoto anahangaika miaka miwili kwa ajili ya ta."

Tulifanya kazi mpaka jua likaegemea. Madam alinawa, akala ugali na kisamvu pamoja nasi, akamshika mtoto mchanga, akamwambia mama maneno fulani kwa Chimakonde chake kibovu na mama akacheka mpaka akashika mgongo. Alipokuwa anavaa viatu, baba akasema bila kumtazama, "Jumatatu atakuja shule. Nitamtafuta mtoto wa kaka yangu anisaidie." Na tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, baba aliniita asubuhi kwa lugha yake mwenyewe: "Somoe, amka. Wewe will kwenda shule."

Nilifaulu. Nikaendelea, nikasomea uuguzi na ukunga, na sasa nafanya kazi Masasi.

Kuna mchana mmoja wodi ya wazazi. Nilikuwa naingia zamu. Alikuwapo mama mmoja kijana aliyeletwa kutoka kituo cha afya cha kijijini, mimba ya kwanza, uso na miguu vimevimba, presha iko juu sana, analalamika kichwa na macho kuona ukungu. Kila mkunga anajua hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, na ipo sindano ya magnesium inayozuia. Isipotolewa anaweza kuanza degedege, yeye na mtoto wakapotea. Ikitolewa mara mbili kwa kutojua, nayo inaweza kumzuia kupumua. Daktari mgeni aliyekuwa akijitolea kwetu alimtazama kwa haraka, akaitwa chumba cha upasuaji, na akiwa anatoka aligeuka akasema kwa Kiingereza, "She should have been given magnesium."

Mwenzangu Mwanaisha, aliyekuwa anamaliza zamu ndefu, akaniambia, "Ameshapewa. Daktari kasema."

Nilisimama na kichupa cha dawa hiyo mkononi. Nilirudi nyuma miaka mingi, kwenye darasa lenye baridi, Madam ameandika ubaoni visaidizi vitatu vikifuatana, should, have, been, na baada yake given. Alituuliza, "Amepewa au hajapewa?" Nusu ya darasa ikasema amepewa, nusu hajapewa. Naye akasema, "Nyote mnakisia. Should inasema ilipaswa. Inaweza kuwa anadhani imefanyika, inaweza kuwa analalamika haikufanyika. Ukitaka kujua, mwondoe should. Uliza kwa has."

Nilikwenda mbio hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

"Doctor, has she been given it?"

Alinitazama juu ya barakoa. Kwa Kiingereza akasema hajui. Alikuwa amewaagiza kwa simu kwenye kituo cha afya alikotoka mgonjwa wampe. Nikapiga simu kituoni. Dada aliyepokea alisema dawa iliwaishia, ndiyo maana walimkimbiza kwetu.

Nilirudi wodini, na Mwanaisha, ambaye alikuwa ameshavua koti lake la kazi, alilivaa tena bila neno, tukampa sindano pamoja. Hakukosea yeye zaidi ya ambavyo ningekosea mimi. Sentensi ile ilikuwa na milango miwili. Jioni yule mama alifanyiwa upasuaji. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko wapi?" Tukamwekea mtoto kifuani.

Nilichukua likizo mwaka huu nikaamua kwenda kumwambia Madam. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Chiungutwa, anaishi na mdogo wake wa kike. Njiani nilijisemea namna nitakavyosimulia, na nilipanga vizuri zaidi ile sehemu ya should na has, kwa kuwa nilijua ndiyo itakayomfurahisha.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, anapukuchua kunde. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama usoni, akaanzia kushoto akaenda kulia, kama mtu anayesoma. "Wewe ni nani?"

"Ni Somoe, Madam. Wa Makote. Ulikuja shambani kwetu wakati wa korosho."

Alifikiri. Nikaona anatafuta, na nikaona hapati. "Nilikwenda mashamba mengi," alisema taratibu. "Unisamehe. Siku hizi sura zinaniacha. Keti."

Niliketi. Sitasema kwamba haikuniuma. Nilichukua kunde nikapukuchua naye, na kwa muda sikujua kama nisimulie au niache. Mwisho nikasimulia. Nilifika kwenye should have been, nikaeleza vizuri kama nilivyopanga, nikasubiri. Hakusema kitu kuhusu sarufi. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Huyo mama," aliuliza, "alikuwa na umri gani?"

"Mdogo, Madam. Hata ishirini hajafika."

"Na mtoto?"

"Wa kike. Aliletwa kliniki mwezi uliopita, amenenepa."

Akausogeza ungo pembeni. Kisha akasema, "Hebu rudia. Kuanzia alipozinduka."

Nikarudia. Alipozinduka, alivyouliza, tulivyomlaza mtoto kifuani, vidole vyake vilivyokuwa vinatafuta miguu ya mtoto kwenye khanga. Madam alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua, akageuka kuelekea ndani ya nyumba, na kwa ile sauti nene ambayo haikuwa imepungua hata chembe akamwita mdogo wake.

"Acha hayo masufuria, njoo barazani! Njoo umsikie huyu. Ni mwanafunzi wangu."